Waliokaa Dawati Moja

Wamo miongoni mwetu watu ambao mpaka leo huitwa watoto wa UPE, ijapokuwa watoto hao sasa wana wajukuu. Ni wale walioingia darasa la kwanza mwaka 1978, mara baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza Novemba 1977, wakamaliza darasa la saba mwaka 1984. Huko Bariadi, kama kwingineko nchini, watu wa rika hilo wameanza kutafutana. Huyu hupata namba ya simu ya mwenzake mnadani, yule msibani, na haupiti muda hupatikana orodha, mweka hazina na tarehe.

Darasa lenyewe lilikuwa la aina yake. Waliandikishwa watoto wa miaka 7 hadi 13, basi mvulana aliyekaribia kuota ndevu alikaa dawati moja na mtoto asiyejua kufunga vifungo vya shati. Nasema dawati, na wengi walikaa chini. Mfukoni mlikuwa na michembe na karanga, na nyuma ya shule palikuwa na shamba la pamba. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Watani wakaligeuza jina la UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Utani huo siupendi. Vijana hao ndio waliowafundisha kusoma watoto ambao wazazi wao wengi hawakupata kuingia darasani.

Kisha mtihani ukawatenga. Waliokwenda sekondari hawakufika hata kumi katika kila mia. Hao ndio wauguzi, wahasibu na maofisa wanaostaafu sasa Mwanza na Dar es Salaam. Waliobaki walishika jembe la kukokotwa na ng'ombe. Wengine wakaenda kuchimba dhahabu Geita. Wengine wakaswaga mifugo hadi bonde la Usangu, na wafugaji walipoondolewa huko mwaka 2006 na 2007, wakajikuta Lindi. Hata Bariadi waliyoiacha ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Wasichana wana habari yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikubali binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Lakini kwa binti wa mwaka 1984, ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuhesabiwa zamani. Katika mikutano hii, mama aliyekuwa akiwashinda wote kwa hesabu husimama, akajitambulisha kwa jina la mwanawe wa kwanza, akaketi. Wenzake wasimwache aketi upesi namna hiyo. Wamwulize alikopita, kama wanavyomwuliza mstaafu wa benki.

Sasa niseme linalonikera. Wenye orodha, ambao aghalabu ni wa mjini, hupanga kukutana Desemba kwa kuwa ndio wakati wa likizo yao. Desemba ya Bariadi ni wakati wa kupanda. Mkulima ana jembe mkononi na mfuko mtupu, kwani fedha ya pamba huanza kuonekana msimu wa ununuzi ufunguliwapo, yapata Mei. Mchango unaotajwa ni mwepesi kwa mwenye mshahara, nao kwake ni bei ya mbuzi. Basi husema ana mgonjwa, akabaki nyumbani kilomita chache tu kutoka ukumbini, na wenzake waliotoka Dar es Salaam wakanung'unika kwamba walioko karibu ndio wavivu wa kuja.

Ndugu wapangaji, itazameni Agosti. Nane Nane ni sikukuu ya wote, Viwanja vya Nyakabindi viko hapo hapo Bariadi, na wakati huo wengi huwa wamekwisha kuuza pamba yao. Mwenye kuku alete kuku, mwenye mchele alete mchele, na wenye mishahara wachangiane nauli ya yule wa Lindi. Mwalimu wenu, kama yu hai, apewe habari mapema.