Hukumu Imetoka, Yatima Wangali Nje



Ndugu zetu Waislamu, ipo dhulma inayotendeka kwa muhuri wa mahakama. Mtu amefariki, ameacha nyumba ya vyumba vinane. Mjane na wanawe wadogo wametolewa. Mtoto mkubwa, wa mama mwingine, amebaki humo akipokea kodi za wapangaji. Baada ya miaka ya kesi hukumu imetoka: nyumba iuzwe, mjane apewe thumni yake, na kilichobaki wagawane watoto wote, huyo mkubwa akiwamo. Siku ya kukazia hukumu, dalali wa mahakama anaonyeshwa karatasi nyingine: utekelezaji umesimamishwa mpaka rufaa isikilizwe.

Haya tumeyashuhudia msikitini kwetu, na aliyeomba zuio hilo huswali safu ya kwanza.

Hatusemi kwamba kusimamisha hukumu ni batili. Hakimu ni mwanadamu, na nyumba ikishauzwa si rahisi kurudi. Katika barua mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar (r.a.) kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari kuhusu ukadhi, anayedai kuwa ushahidi wake uko mbali hupewa muda, lakini muda wenye kikomo. Na barua hiyohiyo inaeleza kuwa haki ikitamkwa bila kutekelezwa haimfai mtu.

Sheria za nchi nazo hazitoi zuio bure. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi hukumu. Kesi ikifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kanuni ya 11 ya Kanuni za mwaka 2009 inamtaka mwombaji aonyeshe hasara kubwa itakayompata, na aweke dhamana. Kenya, Amri ya 42 kanuni ya 6, ya mwaka 2010, inataka hayo, na kwamba asichelewe kuomba. Hapo kwenye dhamana ndipo wanyonge wetu wanapopunjwa, kwa kuwa hawana wakili wa kuuliza swali moja: katika muda huu wote wa kusubiri, kodi inapokelewa na nani? Mjane ana haki ya kuiomba mahakama iamuru fedha hizo ziwekwe amana mpaka rufaa iamuliwe. Maimamu wawaeleze hivyo wajane wa mitaa yao.

Wapo wanaojitetea: "Mahakama imeruhusu, kosa langu liko wapi?" Mtume (s.a.w.) alikwisha kutubainishia, katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na aliyepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi mali ya mwingine, itaihalalisha karatasi ya zuio? Na ameeleza pia kuwa tajiri kuchelewesha kulipa deni ni dhulma.

Ajabu ni kwamba kila mwaka nyumba hiyo hufanyiwa hitima ya marehemu, jambo lisilo na asili katika Sunna, na wali unaoliwa hapo umenunuliwa kwa kodi ya yatima wake! Masheikh wanaoalikwa wanaijua kesi hiyo. Wamuulize mwenyeji wao, kabla ya kunawa mikono, kodi ya mwezi uliopita ameiweka wapi.