Kungoja malipo kusikutie mikononi mwa matapeli

Huenda una jamaa Marekani. Familia nyingi za hapa mjini zina mtu huko anayewahudumia wazee katika makao yao, anayeendesha lori au anayefanya kazi ya hoteli. Ikiwa unaye, basi haya ninayoandika yanakuhusu hata kama hujawahi kupanda ndege, kwa sababu karo na dawa za mama huko mashambani hutoka katika mshahara wa mtu huyo. Mshahara ukikatika kwa ajili ya ugonjwa, homa hiyo huvuka bahari.

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga mahoteli ya Marekani, shemeji yangu alipigwa kalamu pamoja na wenzake wote wa jikoni. Kufikia Aprili zaidi ya asilimia 14 ya wafanyakazi wa nchi hiyo hawakuwa na kazi. Shemeji aliomba malipo ambayo serikali ya jimbo huwapa wasio na kazi, akangoja. Wiki ya kwanza alinipigia simu akicheka. Wiki ya tano hakuwa akicheka tena. Hakulala, kichwa kilimuuma, na vidonge vya presha alivinywa nusu nusu ili visiishe, kwa maana bima yake ya afya ilikuwa imeondoka na kazi.

Ndipo usiku mmoja akaniambia, "Shemeji, nimepata mtu wa kunisaidia." Mtu huyo alikuwa amemwandikia ujumbe kwenye simu kwamba ombi lake limekwama, na lingefunguliwa akijaza nambari zake mahali fulani. Akajaza. Malipo yalipoanza kutoka, yaliingia katika akaunti ya mtu mwingine, na zilipita wiki nyingi kabla ya mambo kurekebishwa.

Nakiri kwamba nilimlaumu. Mtu aliyemaliza chuo, anawezaje kumpa mgeni nambari zake? Siku hizi silaumu tena. Hakuwa mjinga, alikuwa amechoka. Mtu asiyelala na asiye na dawa huamua mambo kama mgonjwa, na tapeli analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Mpango wenyewe ulisaidia kuleta uchovu huo. Malipo ya Marekani hayaombwi mara moja yakaisha. Kila wiki, au kila wiki mbili kulingana na jimbo, mtu hujibu maswali upya. Je, ulifanya kazi yoyote? Ulipata kiasi gani? Ulikataa kazi uliyopewa? Je, unaweza kufanya kazi, na uko tayari? Asiyejibu wiki hiyo huenda asilipwe wiki hiyo.

Swali la mwisho ndilo lililowakamata wagonjwa. Katika mpango wa kawaida, anayesema kweli kwamba yuko kitandani na hawezi kufanya kazi anaweza kunyimwa. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 27 Machi 2020 ilileta mpango wa pekee ambao ulimhesabu pia aliyeugua Covid-19, aliyemuuguza jamaa yake, na mzazi ambaye shule ya mtoto wake ilifungwa. Waliojiajiri nao waliingizwa humo. Lilikuwa jambo jema sana. Hata hivyo fikiria mtu mwenye kikohozi na homa kali, aketi mbele ya kompyuta kuchagua ni mpango gani unaomfaa, kwa Kiingereza cha mawakili.

Kisha tarehe zenyewe zilikuwa zikihama. Nyongeza ya dola 600 kwa wiki iliisha Julai 2020. Sheria nyingine ya mwisho wa Desemba 2020 ilileta dola 300, na ile ya Machi 2021 ikasogeza mwisho hadi tarehe 6 Septemba 2021, lakini karibu nusu ya majimbo yaliikatiza mapema katika miezi ya Juni na Julai. Isitoshe, ombi lina mwaka wake. Wiki 52 zikitimia, mtu anatakiwa kuomba upya hata kama bado kuna pesa alizostahili kulipwa. Mamilioni walioomba Machi na Aprili 2020 walifika ukingo huo karibu wakati mmoja mwaka uliofuata. Waliona malipo yamesimama ghafla, na wengi hawakujua sababu. Simu za idara zilikuwa hazishikiki.

Sasa jiulize, msomaji, ni nani aliyepokea simu upesi siku hizo? Ni tapeli peke yake. Alikuwa na sauti ya upole, hakukuweka kwenye foleni, na aliahidi kulimaliza jambo lako leo. Mwezi wa Machi 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilibidi itoe onyo kuhusu tovuti bandia zilizofanana na zile za idara za kazi za majimbo, ambazo watu walivutwa kwazo kwa ujumbe wa simu na barua pepe.

Wengine hawakuhitaji hata kukupigia. Walichukua jina na nambari ya mtu aliyekuwa bado kazini, wakaomba malipo kwa niaba yake. Mwenye jina aligundua alipopata barua kuhusu ombi asiloliwasilisha, au kadi ya benki asiyoiagiza, au karatasi ya kodi ya mwanzo wa mwaka inayosema amelipwa maelfu ya dola. Hata nambari za marehemu na za wafungwa zilitumika. Septemba 2023 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa wizi katika malipo hayo wakati wa janga ulikuwa kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135.

Kinachoniudhi ni hiki. Mwanzoni, ule mpango wa pekee ulimlipa mtu kwa neno lake mwenyewe, na sharti la kuleta karatasi za kuthibitisha kazi yake lilikuja na sheria ya Desemba 2020. Genge lenye kompyuta lilipita haraka kwenye mlango huo, huku mpishi aliyekosea herufi moja ya jina lake akingojeshwa miezi. Baadaye milango ilipokazwa, aliyebanwa zaidi ni yule yule mpishi. Serikali haiwezi kuchelewesha pesa za chakula na dawa halafu ikashangaa kwamba watu wamekimbilia kwa wauza njia za mkato. Kuongeza wapokea simu wanaojua lugha za wafanyakazi kungekuwa kinga bora kuliko matangazo elfu ya "jihadharini".

Lakini hatuwezi kungoja serikali ya watu ijirekebishe. Mwambie jamaa yako kwamba kuomba malipo hayo ni bure, na yeyote anayedai ada ili kufungua au kuharakisha ombi ni mwizi. Anwani ya idara aiandike mwenyewe, asifuate ile aliyotumiwa. Aandike katika daftari tarehe za kujibu maswali na siku mwaka wa ombi lake unapoisha, kwa sababu anayejua tarehe zake hatishwi kwa urahisi na ujumbe wa "malipo yako yanafungwa leo". Pesa asizoziomba zikiingia katika akaunti yake asizile, wala asimrudishie mtu anayepiga simu akisema zilikosea njia. Aiarifu benki na idara ya jimbo. Anayezipitisha kwa mwingine anaweza kujikuta akihojiwa kama mshirika wa wizi.

Kuna pia wale wanaoogopa kuomba wakidhani watahesabiwa kuwa mzigo kwa serikali na kunyimwa makazi. Malipo ya wasio na kazi hayahesabiwi hivyo, kwa kuwa ni bima iliyotokana na kazi ya mtu. Lakini asiye na kibali cha kufanya kazi hayastahili, na "rafiki" anayejitolea kumwombea kwa ujanja anamchimbia shimo.

Na afya, ambayo ndiyo ya ukurasa huu? Jamaa yako anapokosa kazi, muulize kuhusu dawa kabla ya kumuuliza kuhusu pesa. Kati ya Aprili na Septemba 2021 serikali kuu ya Marekani ililipia wengi walioachishwa kazi ili waendelee na bima ya afya ya mwajiri wao wa zamani. Wako waliopitwa na nafasi hiyo kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Jambo jingine, usimpigie kila siku ukimkumbusha karo. Nilifanya hivyo, na naamini simu zangu zilikuwa miongoni mwa zile zilizomsukuma kuujibu ule ujumbe.

Sisi huku mwaka wa 2020 hatukuwa na mfuko wa kitaifa wa namna hiyo. Aliyepunguzwa kazini alikuwa na fidia ya Sheria ya Ajira ya 2007, angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika, na asiye na barua ya kazi mara nyingi aliambulia patupu. Lakini matapeli tunao, wale wa "tuma kwa namba hii", na kila msaada unapotangazwa wao hufika kijijini kabla ya chifu. Iwapo siku moja tutaanzisha mfuko wetu, ningependa wahusika waajiri wapokea simu kwanza, kisha wazindue.

Shemeji yangu alirudi jikoni Juni 2021. Presha imeshuka, ingawa haijarudi pale ilipokuwa. Hapokei simu ya nambari asiyoijua hata kidogo, na mimi nilipobadilisha laini mwaka jana ilinichukua siku tatu kumshawishi kwamba ni mimi.