Habari ya Kuhama Nyumba ya Wazee

Wasomaji wetu, iko desturi mpya katika mji wa Dar es Salaam ambayo watu huitenda mchana kweupe na kuisimulia kwa kunong'ona. Baba akifa, au mama akizidiwa na uzee, watoto hukusanyika Jumamosi, huleta gari la mizigo na vijana wanne wa kubeba, na hata Jumapili jioni nyumba iliyokaliwa miaka arobaini na mitano ni tupu. Mnunuzi hupewa ufunguo, nao husema, "Tumemaliza." Sisi twasema hawakumaliza neno. Wameanza hasara ambayo hesabu yake itakuja baadaye. Wala hatusemi hivi kwa kuwa sisi tu watu wema kuliko wengine, bali kwa kuwa nasi tulitenda vivyo hivyo, na aibu yetu twaileta hapa ili iwafae walio bado.

Nyumba yetu ilikuwa Mikocheni. Jina hili limetoka katika mikoche, miti ile ya mwitu iliyo jamaa ya mnazi, ambayo majani yake husukiwa majamvi na vikapu. Baba alikuwa mwalimu. Alipata kiwanja mwaka 1974, wakati watu wa mjini walipoiona Mikocheni kuwa shamba, akajenga kidogo kidogo kwa matofali ya saruji, chumba baada ya chumba. Tuliingia mwaka 1978, jiko likiwa bado halijaezekwa. Miaka ya 1980 mshahara haukutosha kula hata nusu ya mwezi, na watumishi wengi wa mitaa hii walifuga kuku au ng'ombe wa maziwa uani. Mama alifuga kuku. Kila jioni mayai yaliyouzwa yaliandikwa katika daftari la shule, mkono wa baba upande huu, mkono wa mama upande huu, na mayai hayo ndiyo yaliyotununulia viatu na vitabu.

Siku hizi barabara ya zamani ya Bagamoyo inaitwa Mwai Kibaki, kwa jina la Rais wa tatu wa Kenya, na kandokando yake yamesimama maghorofa, ofisi na maduka. Wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam walikuwa 4,364,541 katika hesabu ya mwaka 2012, nao walihesabiwa 5,383,728 mwaka 2022. Watu wakizidi, ardhi hupanda, na kiwanja chetu kikawa na bei kuliko nyumba iliyo juu yake. Mnunuzi alipokuja hakuomba kuona vyumba. Aliupima ua kwa hatua zake, akataja fedha.

Baba alikuwa hajatimiza siku arobaini kaburini. Tulikutana sisi watoto sita, wengine kwa simu kutoka Mwanza na ng'ambo, tukakubali kupokea arubuni, kwa maana mnunuzi alisema hangengoja. Mama tulimwarifu baadaye. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Wanangu, mwanihamisha au mwanifukuza?" Tulicheka, tukamwambia kwamba amechoka, na kwamba huko aendako kwa binti yake hatafagia ua tena. Hakuna aliyemjibu alichouliza.

Basi ile Jumamosi ikafika. Kinu na mchi tuliviacha nje ya lango, maana twatumia mashine. Mbuzi ya kukunia nazi, ambayo ubao wake ulikuwa umelainika kwa kukaliwa na bibi, mama na dada zetu, alipewa mpita njia. Meza ambayo baba alisahihishia madaftari usiku kwa taa ya chemli ilikataa kupita mlangoni, ikavunjwa kwa shoka. Wanunua vyuma chakavu walikuja na mikokoteni kabla ya saa nne, kana kwamba waliarifiwa, wakapakia sufuria, vitanda vya chuma na cherehani ya mama iliyoharibika. Makaratasi yaliyokuwa katika masanduku matatu ya mbao hatukuyafungua. Mmoja wetu alisema, "Hayo ni mitihani ya zamani tu," tukayachoma chini ya mwembe. Mama alikuwa ameketi barazani juu ya kiti kimoja kilichosalia, na kila mmoja aliyepita mbele yake alimwambia, "Mama, pumzika."

Hesabu ilikuja miezi mitatu baadaye. Tulipokwenda mahakamani kufungua mirathi, jambo ambalo lilipasa kutangulia na sisi tulilifanya la mwisho, tulitakiwa kuleta cheti cha ndoa cha wazazi wetu. Kilikuwa katika sanduku la pili. Ndipo mama, aliyekaa na mume wake miaka hamsini na mmoja na kumzalia watoto sita, akalazimika kutafuta mashahidi wa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Mashahidi wenyewe ni wazee, wengi wamekwisha kufa. Tulimwona akisimama na fimbo yake mbele ya watu wasiomjua, akitaja majina ya waliohudhuria harusi yake, na baada ya kila jina akiongeza, "Huyu naye marehemu." Wasomaji wetu, siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyeziona fedha za mnunuzi kuwa nyingi.

Wako watakaotujibu. Wa kwanza watasema: "Nyumba ni matofali, vitu ni vitu, mtu haishi kwa kinu." Twawajibu kwamba ni kweli, wala hatusemi kila nyumba ya wazee isiuzwe. Nyumba kubwa yenye mama mmoja ndani yake ni mzigo. Bati huvuja, ukuta huanguka, iko kodi ya ardhi, iko kodi ya jengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa tununuapo umeme, na watoto wametawanyika kwa kazi. Kuuza si dhambi. Tunachokishitaki ni namna ya kuuza. Wale wasemao vitu ni vitu tu, mbona hawakusema hivyo juu ya kiwanja? Kiwanja walikijua kila pembe yake. Kwao kitu chenye bei ni mali, na kisicho na bei ni takataka, na kwa kipimo hicho cheti cha ndoa cha mama kilikuwa takataka.

Wa pili watasema: "Tulifanya haraka kwa ajili ya mama mwenyewe, asiumie kwa kutazama." Neno hili lina sura ya huruma, lakini tulichunguze. Aliyeumia kwa kutazama ni nani? Ni sisi. Mama alitaka kutazama. Alitaka kushika kila kitu na kutwambia kilikotoka, na sisi hatukuwa na saa za kumsikiliza, ndipo tukauita uvivu wetu huruma.

Wa tatu watasema kwamba sheria iko, nayo yatosha. Sheria iko kweli, na ingetuokoa kama tungeitii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, yamkataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Na mwenye nyumba akiisha kufa, yapasa mahakama imteue kwanza msimamizi wa mirathi, naye hutakiwa kupeleka orodha ya mali na hesabu yake. Lakini orodha ile huandika nyumba, gari, shamba na fedha za benki. Hakuna hakimu atakayeuliza habari ya daftari la mayai. Hilo ni juu ya watoto.

Na tukumbuke nchi yetu imeyaona mahamisho. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa. Mahali pengine walipewa muda mfupi mno, na nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Waliopitia siku zile husimulia hata leo walivyoacha vyungu na maghala, na wasikiao huwahurumia. Sisi hatukuwa na amri wala askari. Gari tulilikodi wenyewe, moto tuliuwasha wenyewe, na aliyeketi barazani hakuwa mgeni. Je, ni ipi iliyo nzito zaidi, kuhamishwa na Serikali au kuhamishwa na uliowazaa?

Tena hapo Magomeni Kota pana mfano wa namna nyingine. Kaya 644 zilitolewa katika nyumba zao za zamani, nyumba zikabomolewa, nazo zikangoja kwa taabu takriban miaka kumi hata majengo mapya yakafunguliwa mwezi wa Machi 2022. Kungoja kule hatukusifu. Twataka tu msomaji aone kwamba katika miaka yote ile walidai haki yao kwa idadi moja, kaya 644, kwa kuwa walikuwa wameandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wafanya biashara huijua sana, lakini yatufaa hata sisi tusio na duka.

Juu ya makaratasi twataka kuongeza neno, kwa maana sisi ni watu wa shule na hapa ndipo kosa letu lilipo kubwa. Shaaban Robert alikufa mwaka 1962. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 hata 1958, zilitolewa kitabu mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka arobaini baada ya mwandishi kuzikwa. Miaka ile yote zilikuwa makaratasi ya zamani tu. Lau siku moja mtu mwenye haraka angalisema, "Hayo ni barua za zamani," akatafuta kiberiti, tungalimjua mshairi kwa mashairi yake, lakini tusingalimsikia akisema na ndugu yake. Baba yetu hakuwa Shaaban Robert. Lakini mkono wake ulikuwa mmoja tu, na sasa haupo mahali po pote.

Basi yafaa kufanywa nini? Kwanza, kikao cha jamaa na mahakama vitangulie, mnunuzi afuate. Na mnunuzi asiyeweza kungoja, aende zake. Pili, mzee akaaye ndani ya nyumba aulizwe kabla ya yote, wala si kuarifiwa baada ya yote. Tatu, pasiwashwe moto wo wote mpaka kila karatasi limesomwa na watu wawili. Vyeti na hati vitiwe mahali pamoja, barua na picha mahali pengine. Nne, mzee aketishwe chumba kwa chumba, siku moja chumba kimoja, na kijana mwenye mwandiko mzuri au mwenye simu ya kurekodi aandike asemayo: kitu hiki kilitoka wapi, huyu pichani ni nani, mti huu ulipandwa siku gani. Kazi hii haizidi majuma mawili. Tano, kila mtoto achukue kitu kimoja cha kazi, si cha pambo tu, akitumie.

Mama yu hai bado, kwa binti yake, mbali na Mikocheni. Kila Jumapili jioni mmoja wetu huenda na daftari jipya, naye husema, nasi huandika. Amekwisha kumaliza habari za jiko. Mara nyingine husita, hunyosha mkono kana kwamba atashika kitu kilicho rafuni, kisha hukumbuka. Majuto ni mjukuu, nasi tumekwisha kumlea. Wewe msomaji ambaye ufunguo wa nyumba ya wazee wako bado uko mfukoni, usikubali Jumamosi moja ikufanyie iliyotufanyia sisi. Nenda leo kamwulize mama cheti chake cha ndoa kiko sanduku gani.