"Fisher" si neno la juzi

Ukiandika "fisher" badala ya "fisherman", kuna wasee lazima waruke: eti Kizungu kinaharibiwa, eti hayo ni mambo ya wanaharakati. Zii. Kiingereza cha kale kilisema "fiscere", na Biblia ya King James ya 1611 inawaita Petro na Andrea "fishers". "Fisherman" ndiyo ilikuja nyuma.

Na mbona Mkenya ndiye anapiga kelele? Kiswahili kilimaliza hii kesi kitambo. Kuvua, mvuvi. Hakuna mwanaume amefichwa hapo ndani.

Hii si kubishania herufi tu. Kule Pate, Lamu, kuna kina mama wanaoshuka mwambani maji yakipwa, wanasaka pweza kwa miguu. Ukisema "fisherman", picha inayokuja ni jamaa na mashua. Huyo mama hayuko. Na mtu asiyeonekana kwenye neno ni rahisi kusahaulika orodha ya wavuvi ikiandikwa, nyavu na mikopo ikigawanywa.

Kwa hivyo andika "fisher" bila kuomba mtu ruhusa. Na kama kweli unapenda kulinda lugha, anza na yako: sema mvuvi.