Chemosi hajamalizwa
KUTOKA LONDIANI, na Chepng'eno Rotich

Jumanne usiku, saa tano hivi, mwanangu wa miaka mitano alisimama mlangoni mwa chumba changu, blanketi kichwani. "Mama, chemosi yuko juu ya miti," akasema. Nilikuwa karibu kumjibu nilivyojibiwa mimi utotoni: rudi ulale, hakuna kitu. Kabla sijafungua mdomo, nami nikakisikia. Kutoka msituni ilikuja sauti kama ya mlango wenye kutu unaofunguliwa polepole, ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa ukelele wa mtu anayekabwa.

Alikuwa perere. Tunaoishi karibu na msitu tunamjua: mnyama wa ukubwa wa sungura, jamaa ya pimbi, anayelala kwenye mashimo ya miti na kupiga kelele usiku. Ukimwona mchana utamhurumia. Ukimsikia usiku wa manane, ukungu wa Londiani umeshuka hadi kwenye mabati, mwili unasisimka. Mtoto hakuwa amebuni lolote. Alisikia sauti ya kweli isiyo na jina, akaipa jina tulilomfundisha sisi.

Jina lenyewe ni la siku nyingi. A. C. Hollis, katika kitabu chake The Nandi cha 1909, aliandika alivyosimuliwa: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, mdomo mwekundu unaong'aa gizani kama taa, fimbo ya kujiegemeza mfano wa mkuki. Huimba usiku karibu na maboma. Watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakamfuata, wakaliwa. Sisi Wakipsigis tunaye huyohuyo. Hata walowezi wa Kizungu walioshuka garimoshi hapa Londiani na kwenda Uasin Gishu kwa mikokoteni ya ng'ombe walianza kumwogopa mnyama wa gizani, wakamwita dubu wa Nandi, na kufikia 1912 walikuwa wakimjadili kwenye jarida la elimu ya viumbe.

Nampenda chemosi. Hadithi yake ilimfunza mtoto asikimbilie kila mwanga na kila wimbo, zama ambazo chui na fisi walipita uani. Lakini kogo, yaani bibi yangu, alinisimulia karibu na moto, tukiwa tumebanana sita kitanda kimoja, na hakuturuhusu tulale kabla chemosi hajashindwa. Sisi tumebakiza nini? Kitisho. "Maliza ugali, chemosi anakuja." Kisha tunampeleka mtoto chumbani peke yake, tunazima taa, tunafunga mlango. Hadithi tumeikata pale ambapo zimwi bado liko hai, na mtoto ndiye anayeachiwa alimalize.

Wala si chemosi tu. Mtoto akilia tunamwambia daktari atamdunga sindano, au askari atamchukua. Siku akiugua kweli, anang'ang'ania nguo zetu mlangoni mwa zahanati, nasi tunashangaa. Na siku akipotea sokoni, atamkimbilia nani?

Watu wazima tukiogopa hujitendea kwa huruma zaidi. Mwaka 1995, hofu ya popobawa, zimwi la usiku, ilipozuka Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu wazima wenye familia na kazi zao walitoka vyumbani wakakesha nje pamoja kando ya moto, mpaka hofu ikapita. Hakuna aliyewafungia ndani mmoja mmoja ili wajifunze ujasiri. Dawa waliyoichagua ni ileile ya kogo wangu: moto, na mtu wa kando.

Nawasikia wazazi wenzangu: mvulana akibembelezwa atalegea. Tunathamini ushupavu hapa kwetu, nami sina ugomvi nao. Lakini hata kijana anayeingia menjo, makao ya jando, hatupwi humo peke yake. Yuko motiriot wa kumwongoza. Iwapo kijana anayegeuka mtu mzima anahitaji mwenzake, mtoto wa miaka mitano tunamdai nini?

Tena zipo hofu za hapa ambazo si za kubuni hata kidogo. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo pale Londiani Junction liliua watu zaidi ya 50, wakiwemo wachuuzi waliokuwa wakiuza kando ya barabara. Mtoto wa mji huu anayekataa kufumba macho mpaka mama arudi kutoka kuuza mboga, tafadhali usimwambie kwamba anaogopa hewa. Kaa naye. Muulize anaona nini akifumba macho, umsikilize mpaka amalize.

Usiku ule nilivaa sweta, nikachukua tochi, tukatoka hadi barazani. Perere akalia tena. Mwanangu alinibana mkono hadi ukauma. Nikamwonyesha kwa viganja ukubwa wa mnyama, nikamwambia hula majani. Akanyamaza, kisha akauliza kama chemosi humla perere. Nikamwambia hilo sikuwahi kusimuliwa.

"Kogo anajua?"

Jumamosi tunakwenda kwa mama yangu, Kipkelion. Nimeshampigia simu kumwomba asimulie yote, mpaka pale chemosi anaposhindwa, na tutalala huko.