Kimbunga hakisubiri mwenye nyumba arudi safari

Kaskazi ikianza kuvuma, wafanyabiashara wa mwambao huchangamka. Vyombo hushuka kusini, mizigo huvuka kwenda Ngazija, na magari ya korosho hujaa barabara za Mtwara na Lindi. Lakini miezi hiyohiyo, Novemba hadi Aprili, ndiyo msimu wa vimbunga upande wetu wa Bahari ya Hindi. Na msimu huo haufuati kalenda sana. Hidaya ilifika Kisiwa cha Mafia Mei 4, 2024, wakati wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuacha kusikiliza taarifa za hali ya hewa.

Kwa kawaida ukurasa huu huzungumzia ushuru, vyeti na foleni za malori mpakani. Leo tunazungumzia nyumba ya mfanyabiashara, kwa sababu nyumba hiyo ni tofauti na nyumba ya jirani yake. Sebule ni ghala. Chini ya kitanda kuna marobota. Friza la samaki liko ukumbini. Na siku kimbunga kinapotangazwa, mwenye nyumba mara nyingi hayupo: yuko Kilambo anasubiri kivuko, yuko Moroni anadai deni, au yuko Kariakoo anapakia. Anayebaki kufunga madirisha ni bibi na watoto.

Wapo wanaosema vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji. Wana sehemu ya ukweli. Karibu na Ikweta dunia haiusukumi upepo vya kutosha kuuzungusha, ndiyo maana vimbunga vingi huzaliwa mbali kidogo, kusini ya nyuzi 5, na ndiyo maana Mombasa hupona mara nyingi kuliko Mtwara. Lakini "mara nyingi" si "siku zote". Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu kiasi kwamba biashara ya karafuu ilihamia Pemba kwa sehemu kubwa. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi na kuua watu. Mei 2024, Kenya iliyokuwa tayari imezama katika mafuriko iliahirisha kufungua shule, na Hidaya ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Huo si ugeni tena.

Hasara ya kwanza inayomfika mfanyabiashara si paa, ni umeme. Hidaya ilipokaribia, sehemu kubwa ya Tanzania iliamka gizani. Machi 2019, Idai ilipoipiga Beira, mji mzima ulikosa umeme na simu, na nyaya zinazosafirisha umeme wa Cahora Bassa ziliharibika hadi Afrika Kusini, mbali kabisa na upepo wenyewe, ikazidisha mgawo. Januari 2022 mafuriko ya dhoruba Ana yaliharibu bwawa la Kapichira nchini Malawi, na nchi ile ikapoteza karibu theluthi moja ya umeme wake kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukisikia kimbunga kinaelekea kwa jirani, usidhani giza litaishia mpakani. Nyaya hazigongi mhuri wa pasipoti.

Umeme ukikatika, fikiria pesa kabla ya taa. Minara ya simu ina betri, betri huisha, na baada ya hapo fedha iliyo kwenye simu ni namba tu. Wakala naye floti yake hawezi kuigusa. Tumewaona watu wenye mamilioni kwenye simu wakikopa mkate dukani. Kimbunga kikiwa bado siku mbili au tatu, toa kiasi cha kutosha wiki moja, na kitoke katika noti ndogo, maana siku hiyo hakuna mwenye chenji. Mama aliyeko ng'ambo asiseme "nitatuma kesho." Atume leo. Nunua na umeme wa LUKU, au tokeni kwa walioko Kenya, mapema: uniti hazitawasha laini iliyoanguka, lakini laini ikirudi kabla ya mtandao, utakuwa na mwanga wakati jirani anahangaika kutafuta namba.

Friza ndilo linalowaliza wengi, hasa wauza samaki. Friza lililojaa, likifungwa na kuachwa bila kufunguliwa, hushikilia baridi kwa takribani saa 48. Likiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 hivi. Kama limebaki wazi nusu, jaza chupa za maji zigande kabla umeme haujakatika. Zitashikilia baridi, na zikiyeyuka utakunywa. Halafu waambie watoto wasilifungue kuchungulia. Lakini tuseme ukweli: kwa samaki wa kuuza, saa 48 ni kidogo. Baada ya Hidaya barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika kwenye eneo la Somanga na kwingineko wilayani Kilwa, magari yakasimama siku kadhaa pande zote mbili. Mzigo ambao ungeuzwa Ijumaa kwa bei ya chini ulitupwa wiki iliyofuata bure. Ukisikia tahadhari kubwa, uza. Hasara ya robo ni hasara unayoweza kuirudisha.

Mzigo mkavu nao una utaratibu wake. Usianze na kilicho karibu, anza na kinachokufa kikiloa. Saruji ikiguswa na maji imekwisha. Sukari na unga vivyo hivyo. Nguo za mtumba zitafuliwa na kuanikwa, vyombo vya plastiki havina neno. Kwa hiyo saruji na vyakula vipande juu ya chaga au meza, mbali na ukuta, chini ya turubai lililofungwa kwa kamba, na marobota yakae chini hata kama ndiyo uliyoyanunua kwa bei kubwa. Piga picha za mzigo wote kabla, ukiwa na bima au huna. Aliyekukopesha atataka kuona.

Karatasi zina thamani kuliko mzigo. Pasipoti, cheti cha uasilia, leseni, mkataba wa pango, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, daftari la madeni: vyote katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo uwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mbebaji. Daftari la madeni tunalitaja makusudi. Likiyeyuka, wadaiwa wako watasahau kwa furaha.

Kuhusu nyumba yenyewe, hakuna miujiza ya siku ya mwisho. Bati jembamba lililopigiliwa misumari michache litaruka, na bati linaloruka hukata kama panga. Kama una siku tatu, tafuta fundi aongeze misumari kwenye kingo za paa, afunge kenchi kwa waya hadi kwenye ukuta, na akate matawi yanayoegemea nyumba au nyaya. Kama una siku moja, ingiza ndani kila kinachoweza kupeperuka: ndoo, viti, ubao wa tangazo la duka, mabati yaliyobaki ya ujenzi. Kama nyumba ni ya udongo, au iko bondeni au ufukweni, acha hesabu za misumari. Nendeni mapema kwa ndugu mwenye nyumba imara au kwenye kituo kilichotangazwa, kungali mchana.

Maji hesabu yake ni rahisi. Mtu mmoja anahitaji kama lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia. Familia ya watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20, na mengine ya kuoga na choo. Pampu za maji zinategemea umeme, hivyo bomba likikauka saa chache baada ya giza msishangae. Baada ya kimbunga msiamini kisima kilichoingiliwa na mafuriko. Chemsheni au tieni dawa. Beira, wiki chache baada ya Idai, kipindupindu kilikuja juu ya msiba. Na wenye wagonjwa wa sukari, shinikizo la damu au wanaotumia dawa za kufubaza virusi, hakikisheni dozi za wiki mbili ziko nyumbani. Mfanyabiashara mwenye tabia ya kuchukua dawa zake ng'ambo anajua tunachosema.

Jenereta na jiko la mkaa tunaomba msome polepole. Upepo ukivuma nje, kila mtu hutaka kuingiza kila kitu ndani. Jenereta ndani ya nyumba, au barazani chini ya dirisha, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu. Inaua familia nzima ikiwa usingizini. Jiko la mkaa lililofungiwa chumbani huua vivyo hivyo. Pikeni kabla. Usiku huo kuleni mkate, tende, maharage yaliyopoa, chochote, lakini mkaa usilale ndani na watoto. Maji yakikaribia kuingia, zimeni swichi kuu wakati bado mmesimama pakavu. Chomoeni friza na televisheni, kwa sababu umeme unaporudi hurudi kwa kishindo na kuunguza vitu vilivyonusurika upepo. Waya ulioanguka usiguswe hata kama mtaa mzima uko gizani.

Jambo moja limewaponza watu wengi duniani na halijulikani vya kutosha kwetu: kimbunga kikali kina jicho. Jicho likipita juu yenu, upepo hunyamaza ghafla, pengine na mbingu ikaonekana. Watu hutoka kuokota mabati. Baada ya muda upepo hurudi kutoka upande wa pili, kwa nguvu ileile. Kaeni ndani hadi redio iseme kimepita. Na kupita nako kuna maana zake: mwaka 2023 Freddy iliipiga Msumbiji Februari, ikarudi baharini, ikaja tena Machi na kuendelea hadi Malawi, ambako ndiko iliua wengi zaidi.

Tunajua kuna waliochoka na tahadhari. Aprili 2021 Jobo ilitangazwa kuelekea pwani ya Tanzania, ikafifia kabla ya kufika, na tunakumbuka utani uliofuata. Lakini aliyejaza madumu siku ile alipata nini cha kujutia? Alikunywa maji yake. Aprili 2019, wiki sita tu baada ya Idai, Kenneth ilipita kaskazini ya Ngazija na kuingia Cabo Delgado, upande wa pili tu wa Ruvuma. Mtwara ilikuwa imejiandaa, upepo ukaenda kusini zaidi. Wenzetu ng'ambo ya mto hawakubahatika, na miongoni mwao kulikuwa na wafanyabiashara wa kwetu.

Hapo ndipo serikali zinapohusika. Tahadhari za Tanzania hutolewa kwa Kiswahili, za Msumbiji kwa Kireno, za Komoro kwa Kifaransa. Mama wa Newala aliyeko Palma hasomi Kireno, na simu yake yenye laini ya nyumbani imeishiwa salio la ng'ambo. Anachopata ni sauti za WhatsApp zilizorushwa mara kumi, nyingine za kimbunga cha miaka mitatu iliyopita. SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na ina kituo chake cha kuratibu maafa huko Nacala. Kwa nini basi hakuna ujumbe mmoja wa Kiswahili unaobandikwa siku hiyohiyo Kilambo, kwenye Daraja la Umoja huko Mtambaswala, bandari ya Mtwara, Malindi ya Unguja na Moroni? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania tayari ina ngazi zake, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, ambazo watu wameanza kuzizoea. Maneno yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyavusha mto.

Tunaomba na jambo la pili. Kivuko kikisimamishwa kwa sababu ya upepo, au barabara ikikatika, mfanyabiashara aliyekwama asitozwe gharama za kuhifadhi mzigo kwa siku ambazo dola yenyewe imemzuia kusafiri, na cheti chake kilichokwisha muda akiwa kwenye foleni kiongezwe pale pale dirishani. Hofu ya tozo hizo ndiyo inayomfanya mtu apande mtumbwi usiku wakati bahari imechafuka.

Wakati hayo yakisubiriwa, tunawaomba wasomaji wetu wafanye kikao cha nyumbani kabla ya safari ijayo. Dakika kumi zinatosha. Nani anabeba mfuko wa karatasi, nani anazima swichi kuu, bibi anapelekwa kwa nani, fedha ya akiba iko wapi. Namba za simu za watu watatu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya mlango, kwa sababu simu ikizima hakuna anayezikumbuka. Na anayesafiri aache neno moja wazi: kikitangazwa kimbunga, msinisubiri, ondokeni, mimi nitawatafuta.