Tusichekane kwa Kiingereza cha Filamu



Filamu zimeingia sebuleni mwetu, na pamoja nazo umeingia ugomvi mdogo. Mgonjwa katika filamu anamwambia daktari jambo fulani. Mama anasikia kwamba mgonjwa anataka kuondoka, watoto wanasikia kwamba anataka kuishi, na mama anachekwa. Siku nyingine mtoto ndiye anayekosea, na ndugu zake wanamwita mjinga. Kicheko hicho huonekana si kitu, lakini matokeo yake si madogo: mama anaacha kuuliza, na mtoto anaogopa kunyoosha mkono darasani.

Tuyatazame maneno yenyewe. Kuishi ni "live", kuondoka ni "leave". Kuteleza ni "slip", kulala usingizi ni "sleep". Kujaza ni "fill", kuhisi ni "feel". Kiswahili kina irabu 5 tu, na "i" yetu ni moja. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na mahali pa "i" yetu moja wao wanazo mbili: moja fupi na iliyolegea, nyingine ndefu na iliyokazwa. Ndiyo maana hata "walk" (kutembea) na "work" (kufanya kazi) hutuchanganya.

Tena, maneno yetu huishia kwa irabu. Sikio letu halikuzoea kungojea sauti ya mwisho isiyo na irabu. Mwigizaji wa Kimarekani akisema "can't", mara nyingi ile "t" haisikiki vizuri, nasi tunabaki na "can". Hapo "siwezi" imegeuka "naweza", na hadithi nzima imepotea!

Yako pia maneno yanayowasumbua hata wenye lugha yao. "Lie" ni kujilaza, na wakati uliopita wake ni "lay". Lakini "lay" hiyo hiyo ni kulaza kitu, na wakati uliopita wake ni "laid". Kisha kuna "lie" ya kusema uongo, ambayo huwa "lied". Mama anayekwama hapo asijione mpumbavu.

Kwa nini sikio linakosea? Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walitoa matokeo ya kuwapima watoto wachanga wa familia zinazosema Kiingereza. Wa miezi 6 hadi 8 waliweza kutofautisha sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji asilia wa Kanada. Walipofikia miezi 10 hadi 12, ni wachache tu walioweza. Kumbe kabla mtoto hajatimiza mwaka, ubongo wake umekwisha kuchagua sauti za nyumbani kwake. Hilo si ugonjwa wala uvivu. Wageni nao, wakijifunza Kiswahili, hutatizwa na "kufa" na "kufaa".

Macho nayo yanasaidia kusikia. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha picha ya mdomo unaotamka "ga" huku sauti ikisema "ba". Watu wazima wengi walisikia "da". Basi mwigizaji akigeuza uso, au sauti ikiwa imebandikwa juu ya filamu ya lugha nyingine, usikivu wetu hupungua.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tusikilize sentensi nzima kabla ya kushika neno moja. Mgonjwa aliyeshika mkono wa daktari huku akilia, yaelekea anaomba kuishi.

Pili, tuweke maandishi ya Kiingereza chini ya picha pale yanapopatikana. Jicho litalifundisha sikio.

Tatu, tufanye mchezo. Mama ataje "slip" au "sleep", mtoto aigize. Kisha wabadilishane.

Nne, tutambue tatizo la kweli. Mtoto anayekosea Kiingereza tu hana haja ya dawa. Lakini akikosea hata Kiswahili, akiitwa haitiki, akiongeza sauti ya televisheni kila mara, au sikio likitoa usaha, apelekwe kituo cha afya apimwe. Tusimtie mafuta wala kijiti sikioni.

Tano, maelezo ya dawa si mahali pa kubahatisha. Tukiambiwa kwa Kiingereza, tuombe kuelezwa kwa Kiswahili, kisha tuyarudie kwa mdomo wetu mbele ya muuguzi. Sisi wauguzi hatuchukii kuulizwa.

Katika Waamuzi sura ya 12 tunasoma jinsi Wagileadi walivyowakamata Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa sababu walitamka "Siboleti" badala ya "Shiboleti". Wakafa watu 42,000. Sauti moja ilitosha kumtenga mtu na ndugu yake. Nyumbani kwetu isiwe hivyo. Anayesikia tofauti aelezwe kwa upole, kisha filamu iendelee.